Mzee Korido na Daftari la Kikohozi

Marehemu ndugu yetu, ambaye jina lake kamili mmeliona kwenye jalada la kijitabu hiki, na ambaye kazini walimwita Mzee Korido, alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Machi 1957, saa nne asubuhi, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yake, fundi mwashi, na mama yake, muuza maziwa. Alikuwa mtoto wa nne kati ya watano, na wa kiume peke yake. Siku hiyo mvua ilinyesha hata bata wa jirani wakaingia ndani kujikinga, na mmoja wao akataga yai chini ya kitanda cha mzazi. Hayo ni maneno ya dada yake mkubwa, aliyekuwa na miaka minane na ndiye aliyeshika beseni. Mtoto hakulia. Alipiga chafya. Mkunga alihesabu chafya tatu, dada yake alihesabu saba, na baada ya miaka sitini na saba ya ubishi familia imekubaliana tano. Mama yao alimtazama akasema, "Huyu mtu wa kuchunguza. Hata kufika hajafika vizuri, ameshanusa nyumba nzima."

Alianza shule ya msingi Januari 1965. Darasani alikaa dawati la nyuma, karibu na dirisha, na kila mwisho wa muhula alikuwa akiipima kwa rula fimbo ya mwalimu wa hesabu na kuandika urefu wake nyuma ya daftari. Siku mwalimu alipomfuma, mambo yalikuwa hivi:

"Wewe, unapima nini hapo?"

"Fimbo, mwalimu. Imepungua inchi moja tangu Januari."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo, mwalimu, hiyo inchi tunayo sisi."

Alichapwa, akangoja fimbo irudi mezani, akaipima tena. Alisoma mpaka darasa la tano. Novemba 1969 baba yake alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akavunjika nyonga, na mtoto wa miaka kumi na mbili akaacha vitabu akaenda kubeba matofali. Hakurudi. Ila kabla ya kuacha alikuwa ameshaiba shule akaileta nyumbani: kila jioni alimfundisha dada yake huyo mkubwa herufi kwa mkaa nyuma ya mlango wa jikoni, maana dada yake hakukalia dawati hata siku moja. Hakuanza na a, e, i, o, u. Alianza na jina lake mwenyewe, akisema, "Dada, ukijua hili utaweza kunishtaki popote." Dada yake analiandika mpaka leo bila kukosea, na baada ya hapo amejifunza kusoma kiasi cha kutosha kugombana na watu.

Tarehe 2 Mei 1983, siku ya Jumatatu, aliajiriwa kuwa mhudumu wa usafi katika jengo la utafiti la chuo kikuu. Ni jengo la ghorofa tatu, lina milango arobaini na sita, korido ina vigae vya kijivu, na kwenye ngazi kuna taa moja ambayo imekuwa ikipepesa tangu siku ile. Msimamizi alimkabidhi ufagio, ndoo na funguo, akamwambia: "Wewe kazi yako ni sakafu. Usiguse meza, usisome ubao." Meza hakuzigusa.

Nyuma ya kila mlango alikuta mtu aliyeamua kukijua kitu kimoja mpaka kiishe. Kulikuwa na bwana aliyesomea goti la nyuma la panzi, goti tu, na akaajiriwa kwa hilo. Kulikuwa na mama aliyeandika vitabu vitatu vinene kuhusu mipini ya majembe ya zamani. Majembe yenyewe alisema ni ya mwenzake. Mmoja alikusanya nyimbo za kubembeleza watoto, akawa anaziimba peke yake chumbani mpaka analala. Mwingine alipima namna watu wanavyopanga foleni, na kwenye foleni ya chai alikuwa wa kwanza kuchomekea. Dada yake akisimuliwa haya alikuwa akicheka mpaka anashika ukuta. Marehemu hakucheka. Alisema, "Usiwacheke, dada. Mtu anayelijua goti la panzi namna ile hajui kitu kidogo. Shida ni kwamba hamjui jirani yake." Hakuna mlango alioudharau. Ndani ya miaka kumi alikuwa mtu pekee katika jengo lile aliyejua kinachofanyika kwenye vyumba vyote arobaini na sita, na huo si utani wala chumvi ya mtu.

Mwaka 1994, ghorofa ya kwanza, Bwana wa Barua alikuwa na sanduku la barua za kale mia mbili na kumi zisizo na tarehe. Alikuwa amezikodolea macho miaka kumi na miwili, na nywele zilikuwa zimeanza kumhama. Ghorofa ya pili, juu ya kichwa chake kabisa, Bibi wa Chavua alikuwa akitazama kwa hadubini unga wa maua, na akipewa punje moja anakutajia mti. Marehemu alikuwa akikung'uta vumbi kwa Bwana wa Barua, akaona unga wa manjano kwenye mikunjo ya karatasi. Akapanda ngazi, akagonga.

"Mama, ule unga wako wa kwenye picha ukutani, uko pale chini. Umejificha kwenye barua."

"Chini wapi?"

"Hapo ulipokanyaga."

"Chini kuna barua? Mimi nilijua chini ni stoo ya viti!"

Walikuwa wamekaa jengo moja miaka tisa. Punje zile zilikuwa za mti ulioletwa na wageni katika mwaka unaojulikana, kwa hiyo barua zilizobeba punje zikawekwa baada ya mwaka huo, na zisizobeba zikaanza kupangwa kabla. Wasomi wawili wakaandika kitabu, wakapewa tuzo, wakapigwa picha wameshikana mikono. Katika ukurasa wa 311, mstari wa mwisho, wanamshukuru "mhudumu wa usafi". Paka wa Bibi wa Chavua ametajwa kwa jina, mistari miwili juu yake. Marehemu hakukasirika. Kila mgeni alipofika nyumbani alifunguliwa ukurasa huo kabla hajapewa hata maji. Aliyekasirika ni dada yake, na hajamaliza.

Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyekuwa na kibanda mkabala na geti la chuo. Walijuana kwa sababu ya mfuko wa ovaroli. Alipeleka mfuko uliotoboka, ukashonwa. Wiki iliyofuata ukatoboka wa pili. Wa tatu ulipofika, fundi aliugeuza kwenye mwanga, akautazama, akamtazama na mwenye mfuko.

"Kaka, panya wa kwenu wanatumia mkasi?"

Alishikwa na haya mpaka masikio, akasahau chenji yake mezani. Kesho yake akarudi akiwa na mfuko mzima na maneno kamili. Waliishi pamoja miaka thelathini na minane na miezi kumi, wakapata watoto watatu, na mjane wake anasema hakuwahi kumwona akivaa nguo iliyotoboka tena.

Kuhusu ugonjwa wake, mjukuu anayeandika haya aliomba apunguze makali kidogo kwa ajili ya wageni. Dada wa marehemu, anayemsimulia, amekataa.

Ghorofa ya tatu, mwisho wa korido, kuna ghala la ngozi. Ndani yake kuna ndege waliokaushwa, ngozi za wanyama, pembe na manyoya, vyote vya watu wa zamani, vyote vimenyunyiziwa unga mweupe ili wadudu wasile. Ghala lina dirisha moja. Mwaka 1991 Mtaalamu wa Rangi, anayesomea rangi za manyoya ya ndege, alisema mwanga unafifisha rangi, basi fundi seremala wa jengo akaamriwa kulipigilia dirisha mbao na misumari tisa. Tangu siku hiyo hewa ya humo ni ile ile. Marehemu alikuwa akifagia ghala hilo kila Jumanne na kila Ijumaa.

Mwanzoni mwa 2006 akaanza kukohoa. Mtu mwingine angenunua dawa ya kikohozi akanyamaza. Yeye, aliyekaa na watafiti miaka ishirini na mitatu, alinunua daftari. Ukurasa wa kwanza ni wa Jumatatu, tarehe 6 Februari 2006. Alipiga mistari kwa rula: tarehe, vyumba alivyofagia, vikohozi mpaka saa saba, vikohozi mpaka jioni. Hakuruka siku hata moja kwa miaka kumi na moja. Watu wanajua dada yake huongeza bata na mayai, lakini hapa hajaongeza kitu, hesabu ni ya mkono wa marehemu: Jumatatu sita, Jumanne arobaini na moja, Jumatano kumi na tisa, Alhamisi nane, Ijumaa arobaini na nne. Akiwa likizo, viwili, au hamna. Akirudi ghalani, arobaini na kitu. Ukurasa baada ya ukurasa, hata asiyejua kusoma anaona.

Mwaka 2011 alivaa shati la pasi akapeleka daftari kwa Profesa wa Mapafu, mlango wa thelathini na nane, ambaye sakafu yake aliifagia miaka yote. Alirudi nyumbani akasimulia neno kwa neno, mkewe na dada yake wakisikiliza.

"Mzee, hii ni kazi nzuri, umejitahidi. Lakini mimi mapafu yangu ni ya wachimba mawe. Umewahi kuchimba mawe?"

"Sijawahi, profesa. Nimewahi kubeba matofali."

"Matofali hayamo. Siwezi kukuweka kwenye sampuli. Halafu hujaonyesha ni kitu gani hasa unavuta. Nenda kwa watu wa sumu."

Akaenda kwa Daktari wa Sumu, mlango wa arobaini na moja, akiwa na unga kidogo kwenye bahasha. Daktari aliuweka kwenye mashine yake, akarudi uso umembadilika.

"Umeutoa wapi huu? Huu nikiukuta mtoni, siku hiyo hiyo naandika ripoti."

"Umetoka ghalani, daktari. Hapo mwisho wa korido."

"Aa. Mimi ni wa mito, mzee. Ghala ni la watu wa ndege. Waambie wafungue dirisha."

Akaenda kwa Mtaalamu wa Rangi, mlango wa arobaini na nne. Huyu hata daftari hakulifungua. "Dirisha? Mzee, unajua yale manyoya yana umri gani? Rangi ikipotea hairudi!"

Marehemu alimjibu kwa upole, kama kawaida yake, "Hata pumzi, daktari." Akachukua ufagio wake.

Kutoka mlango wa thelathini na nane mpaka wa arobaini na nne ni hatua ishirini na sita. Alizihesabu, zimo kwenye daftari. Mmoja alijua mapafu, mmoja alijua unga, mmoja alijua dirisha, na katika hatua ishirini na sita hakuna aliyekwenda kugonga kwa mwenzake. Yeye alikuwa ameshawagongea watu milango tangu 1994, wakapata tuzo. Zamu yake ilipofika kila mtu akawa na eneo lake. Walimpiga danadana kwa heshima, wakimwita mzee, wakimfungulia mlango atoke.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2017. Walimpa saa ya ukutani. Ufagio ukachukuliwa na mama mmoja mwenye watoto watatu, mwanamke mwenye bidii na mcheshi, na mwaka 2020 mama huyo naye akaanza kukohoa. Marehemu alianza daftari la pili kwa ajili yake. Kila Jumamosi alimfuata sokoni anapofanya manunuzi, wakikaa kwenye benchi la muuza vitunguu.

"Haya, nipe za wiki."

"Jumanne thelathini na tatu, mzee. Ijumaa nilisahau kuhesabu, nilikuwa nakohoa."

Walikuwa wakicheka wote wawili, kisha wakikohoa wote wawili, mpaka muuza vitunguu akawa anasogeza mzani wake mbali. Mara tatu alimwandikia Mkuu wa Jengo. Mara tatu Mkuu wa Jengo alijibu kwa adabu kwamba dirisha haliwezi kufunguliwa wala unga kuondolewa bila ridhaa ya maandishi ya wataalamu watatu wanaohusika. Kila mtaalamu alisema atatia sahihi wenzake wakishatangulia. Barua zote sita zipo.

Mwezi Juni mwaka huu alizidiwa. Binti yake mkubwa, ambaye ni nesi, alimpeleka hospitali, na huko daktari kijana asiye na eneo, anayetibu yeyote anayeingia mlangoni, alitazama picha ya kifua akauliza swali moja tu: "Mzee, ulikuwa unavuta hewa ya wapi?" Marehemu alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, akamwambia binti yake, "Mpe daftari." Lakini mapafu yalikuwa yameshakakamaa. Alifariki dunia Alhamisi, tarehe 17 Oktoba 2024, saa nane mchana, wodi namba nne, mkewe akiwa amemshika mkono na dada yake amemshika mguu. Kabla ya hapo aliuliza, "Leo siku gani?" Akaambiwa Alhamisi. Akasema, "Kesho zamu ya ghala. Mwambieni ajifunge kitambaa puani." Hakusema tena.

Ijumaa, Profesa wa Mapafu alifika msibani. Alitoa pole vizuri, akanywa chai, kisha akavuta kiti karibu na dada wa marehemu.

"Bibi, nasikia mzee ameacha daftari. Miaka kumi na moja mfululizo, bila pengo! Kitu kama hicho ni adimu sana kwa utafiti."

"Hata 2011 lilikuwa adimu, mwanangu."

"Wakati ule eneo letu lilikuwa finyu kidogo. Sasa tumelipanua."

"Mmelipanua lini? Jana saa nane?"

Profesa alisogeza kikombe chake pembeni. "Tungependa kumwenzi, bibi. Tutamtaja kwenye shukrani."

"Kwa jina?"

"Kwa jina kabisa." Akatoa kalamu na karatasi, akasubiri, halafu akainua macho taratibu. "Samahani, bibi. Mzee Korido jina lake kamili lilikuwa nani?"

Dada wa marehemu, ambaye hakukalia dawati hata siku moja, alimtajia jina hilo herufi moja moja, kama alivyofundishwa nyuma ya mlango wa jikoni, na akamtaka profesa alisome kwa sauti mara mbili. Alilisoma. Daftari hakupewa.

Marehemu ameacha mjane mmoja, fundi cherehani, watoto watatu (nesi, dereva wa lori na fundi redio), wajukuu watano, dada mmoja, madaftari mawili, na mrithi wake wa ufagio, aliyekaa safu ya sita, yule ambaye mmemsikia akikohoa tangu tulipokaa. Msigeuke kumtazama kwa huruma. Ijumaa iliyopita alifagia ghala akiwa na kitambaa puani, na Jumanne ijayo ni zamu yake tena.

Familia inawashukuru wote waliofika. Inawashukuru kwa namna ya pekee Profesa wa Mapafu, Daktari wa Sumu na Mtaalamu wa Rangi, ambao leo, kwa mara ya kwanza tangu wajuane kwa sura, wamekaa mstari mmoja bega kwa bega. Viti vyao vilipangwa na dada wa marehemu mwenyewe. Mkuu wa Jengo yuko nyuma yao, na fundi seremala yuko karibu na mlango akiwa na koleo lake la kung'olea. Anaikumbuka misumari yote tisa. Ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki hauna picha wala wimbo. Una sentensi moja inayosema dirisha la ghala lifunguliwe na unga uondolewe kabla ya Jumanne, na chini yake mistari mitatu ya sahihi. Daftari la kikohozi lipo hapa hapa, dada wa marehemu amelikalia, na atanyanyuka mistari ikijaa.

Ndugu yetu, umefagia vya kutosha, lala kwa amani. Ninyi wa mstari wa mbele, kaeni hivyo hivyo. Kalamu inakuja.